MiG-21MF ya 1/48 imekataa kufunga baada ya kuweka kokpiti ya resini: nisonge au nirudi kwenye plastiki?

Kibano_Na3:

Habari za humu wakuu. Naomba msaada kabla sijarusha kitu dirishani.

Mezani nina modeli ya plastiki ya kuunganisha ya ndege ya kivita, MiG-21MF, kipimo cha 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko halisi. Kosa langu lilianza siku nilipojisemea kwamba kokpiti ya plastiki iliyokuja kwenye boksi haitoshi. Mbaya haikuwa. Dashibodi ina saa zake, kiti kina mito yake, mkono wa usukani upo. Ila nilikuwa nimeona picha za jamaa aliyeweka kokpiti ya resini (kipuri cha kumiminwa, kinauzwa kando) kwenye ndege hiyo hiyo, unaona mpaka mikunjo ya mkanda begani na ule mstari mweupe wa wima katikati ya dashibodi, ambao rubani alikuwa anausukumia usukani ndege ikianza kuanguka huku inazunguka kama pia. Mstari tu huo! Nikalegea.

Nikaagiza. Na ukishaagiza kimoja, mkono unakuwa mwepesi. Ikaja kokpiti ya resini na kiti chake cha KM-1 (kile cha kumfyatua rubani nje), ikaja nozeli ya resini ya nyuma, yaani mdomo wa injini, magurudumu ya resini, karatasi mbili za vibati vya shaba (vipande vyembamba vya mikanda, swichi na kadhalika), na ule mrija mrefu wa puani wa kupimia kasi, umechongwa kwa shaba tupu, mwembamba kama sindano. Vipuri vyote pamoja vimeizidi bei modeli yenyewe. Mwenzangu nyumbani hajui hilo na nawaomba liishie humu humu.

Sasa kisa chenyewe. Kokpiti pakiti imeandikwa MiG-21MF, 1/48, sawasawa. Maandishi niliyoyapuuza yako chini, madogo kama sisimizi: imetengenezwa kwa ajili ya modeli ya kampuni nyingine, si hii niliyonayo. Nikasema MF ni MF na 1/48 ni 1/48, tofauti itatoka wapi? Basi tofauti imetoka.

Nikiweka lile beseni la kokpiti (sakafu na kuta zake) ndani na kukutanisha nusu mbili za kiwiliwili, pua inafunga vizuri, mkia unafunga vizuri, lakini nyuma ya kokpiti, pale mgongo unapoanza, kunabaki pengo. Nimelipima kwa kalipa: milimita 2. Kwa macho ni dogo, ila zidisha kwa 48 upate sentimita 9.6. Ndege halisi ingekuwa na ufa mgongoni unaopitisha kiganja.

Nikashika msasa. Siku tatu nimesugua mbavu za kiwiliwili kwa ndani, kushoto na kulia, pale beseni linapogusa. Nilikuwa nainua plastiki kwenye taa kila baada ya dakika kadhaa niangalie unene. Ubavu wa kushoto, chini kidogo ya ukingo wa kioo, mwanga ukaanza kupenya na plastiki ikawa kama karatasi iliyodondokewa mafuta. Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikasema bado kidogo. Kidole kikapita. Sasa kuna tundu la ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti, na pengo liko pale pale, milimita 2, halijapungua hata unywele.

Hasira zikanipanda, na hapa naomba msinicheke. Nikapaka supaglu mgongo mzima, nikabana kwa mipira ya kufungia, sita, nikaenda kulala. Saa nane usiku nikasikia TAK. Nikajua. Mgongo umeachia wote, pua imebaki imeganda. Yaani sasa siwezi kuifunga wala kuifungua.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, kioo cha mbele nilikuwa nimekishikiza kwa tepu juu yake ili nione kinavyokaa. Asubuhi nakuta kina ukungu mweupe kwa ndani, kama dirisha la bafuni. Nimefuta kwa kitambaa, hautoki.

Maswali yangu: naifunguaje pua bila kuvunja? Je, hii kokpiti inaweza kuingia kweli au niitupe niweke ya plastiki? Kile kioo ndiyo basi? Na mwenye uzoefu na hiyo nozeli na mrija wa shaba aniambie mapema kama kuna shimo lingine mbele, nisilitumbukie pia.

Pati_Kila_Mahali:

Pole sana mkuu. Hapo kwenye TAK ya saa nane usiku nimecheka kwa sauti kazini, nikaulizwa kuna nini nikakosa la kujibu.

Ushauri wangu ni mfupi: rudi kwenye plastiki. Funga kioo, paka rangi, weka kabatini. MF kioo chake ni kidogo na kina fremu nene, ukishakifunga utaona kichwa cha kiti na ukingo wa juu wa dashibodi, basi. Mimi nilitumia wiki mbili kuweka swichi za vibati vya shaba ubavuni mwa kokpiti, moja moja, kwa ncha ya sindano. Leo nikitaka kuziona nahitaji tochi na mtu wa kunishikia ndege.

Kiti cha resini weka, hicho ndicho kinachoonekana. Mengine ni kujitesa.

Mzee_wa_Msasa:

Kijana, kwanza weka msasa chini. Usisugue tena popote mpaka umalize kusoma hapa.

Umeandika mwenyewe jibu na hukulisikia. Umesema pengo liko nyuma ya kokpiti, mgongoni. Umesema umesugua mbavu siku tatu, chini ya kioo, na pengo halikupungua hata unywele. Kama ubavu ungekuwa ndio unaozuia, pengo lingepungua. Kwa hiyo kinachozuia si ubavu. Umemchapa mtoto wa jirani.

Tuanze na kuifungua. Supaglu ni ngumu lakini ni kavu, haivumilii baridi na kishindo. Weka kiwiliwili kwenye mfuko wa plastiki, funga, kikae kwenye friza kwa muda wa saa nne au tano. Ukikitoa, usingoje kipate joto: ingiza ncha butu kwenye ule upande ulioachia, sogeza taratibu kuelekea puani huku unapinda kidogo kidogo. Utasikia inakatika vipande vipande. Usije ukamsikiliza mtu atakayekwambia utumie dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Gundi inalainika kweli, na plastiki nayo inageuka uji.

Ikishafunguka, tafuta mchawi ni nani. Chukua nusu ya kulia peke yake, weka beseni ndani, lisukume likae mpaka mwisho. Angalia beseni limevuka ule mstari wa maungio kwa kiasi gani. Fanya hivyo hivyo nusu ya kushoto. Ukikuta linavuka kwa mbele na nyuma sawa, ni pana. Ukikuta linavuka kwa nyuma tu, ni ukuta wa nyuma, ule ambao reli za kiti zimeegemea. Lakini kabla ya yote geuza ndege utazame kwa chini. Kwenye MiG-21 chumba cha gurudumu la mbele kiko chini ya miguu ya rubani, na sakafu ya kokpiti ndiyo jirani yake wa ghorofani. Beseni la kampuni nyingine halijui paa la chumba chako liko kimo gani. Likikalia paa hilo linainuka, na kiwiliwili kadiri unavyopanda juu ndivyo kinavyobana kuelekea mgongoni. Kitu ambacho kingetosha chini hakitoshi juu. Toa chumba cha gurudumu, jaribu kufunga bila hicho. Kama pengo linapotea, umeshamjua.

Njia ya kuona panapogusa: paka resini wino wa kalamu ya maka, nje yote ya beseni. Uache ukauke. Ingiza, bana kwa mkono, tikisa kidogo, toa. Palipokwanguka wino ndipo panapogusa. Sugua hapo tu, paka tena, rudia. Mara nane, mara kumi. Ni kazi ya kuchosha, lakini ukifuata wino hutasugua pasipohusika.

Na usugue resini, si plastiki! Sijui nani aliwafundisha vijana kwamba kipuri cha kununua ni kitakatifu, plastiki ndiyo ya kuliwa. Beseni la resini lina nyama nyingi chini na nyuma, mara nyingi ni mabaki ya kile kitako cha kumiminia, lile bonge ambalo kipuri hutoka nalo kiwandani, ambacho hukukikata chote. Chini ya sakafu hakuna atakayetazama. Kisugue mpaka sakafu iwe nyembamba kama kadi. Ila kwa maji. Loanisha msasa, loanisha resini, na uvae barakoa hata hivyo. Vumbi la resini ni jembamba sana, linaingia kifuani na halina haraka ya kutoka. Mimi nilisugua kavu miaka mingi nikijiona mjanja, na sasa nikipanda ngazi najisikia.

Tundu la ubavuni lisikunyime usingizi. Kata kibao cha plastiki nyembamba, kibandike kwa ndani, kipite tundu pande zote. Kwa nje changanya supaglu na poda ya mtoto iwe kama dawa ya meno, jaza, na usugue ndani ya saa moja. Ukiiacha hadi kesho itakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, utasugua plastiki na kiraka kibaki kama chunusi.

Kioo: ule ukungu ni mvuke wa supaglu umeganda juu yake. Ndiyo maana hatuweki kioo karibu na gundi hiyo mpaka nyumba nzima imekauka. Kisugue kwa msasa laini kabisa wa maji, kisha dawa ya kung'arishia plastiki, kisha kichovye kwenye polishi angavu ya sakafu, ile ya akriliki, ukifunike kwa bakuli kisipate vumbi. Kwa kawaida kinarudi. Siku ya kukibandika tumia gundi nyeupe ya mbao, haitoi mvuke.

Sasa mashimo ya mbele uliyoyauliza.

Nozeli yako soma pakiti mara mbili, hasa baada ya yaliyokukuta. MF ina injini ya R-13-300. MiG-21bis, toleo la baadaye, ina R-25-300. Watu huagiza ya bis bila kujua. Halafu fikiria uzito. Nozeli ya plastiki ni ganda tupu, ya resini ni bonge, na iko mwisho kabisa wa mkia, mbali na magurudumu. Utaisimamisha ndege ikae kitako kama mbwa anayesubiri mfupa. Kwa hiyo uzito wa puani unaoambiwa kwenye maelekezo hautoshi tena. Bahati nzuri MiG-21 ina ile koni ya puani, ni tupu, ni kama ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Ijaze chubwi za kuvulia samaki.

Lakini chubwi ni madini ya risasi, na risasi haipatani na gundi nyeupe. Nilikuwa na ndege niliyoijaza puani chubwi na kuimwagia gundi nyeupe juu zisilie. Ilikaa kabatini miezi minane hivi. Siku moja napangusa vumbi nakuta pua imefunguka mshono kama ganda la pamba. Gundi ilikuwa imeila risasi ikawa unga mweupe, unga ukavimba, ukapasua plastiki iliyokwisha pakwa rangi na kubandikwa dekali (alama za ndege) zote. Tumia epoksi. Nimeshasema.

Mrija wa shaba uwe kitu cha mwisho kabisa katika maisha ya modeli hiyo. Chimba tundu lake mapema, kwa drili ya mkono, kabla ya kupaka rangi, ila mrija wenyewe ubaki kwenye pakiti. Na kwenye MF haukai katikati ya pua kama kwenye PFM, toleo la kabla yake, umesogezwa upande wa kulia wa rubani. Nimeona mtu amechimba katikati kwa mazoea.

Rangi_ya_Feruzi:

Shikamoo Mzee. Nakubali yote isipokuwa moja, naomba niliseme kwa heshima.

Kaka Kibano, si lazima uchague kati ya kokpiti yote ya resini na kokpiti yote ya plastiki. Kuna njia ya tatu. Beseni la plastiki liweke kama lilivyo, hilo linatosha kwa sababu lilizaliwa na ndege hiyo. Kisha lile la resini ulichinje. Toa dashibodi, toa kiti, toa zile paneli mbili za pembeni kwa msumeno mwembamba, uzisugue nyuma mpaka ziwe kama maganda, uzibandike juu ya plastiki. Macho ya mtu yanatua kwenye kiti, dashibodi, na kingo za juu. Sakafu hakuna anayeiona, ina miguu ya kiti na giza. Nimefanya hivyo mara tatu na sijawahi kupigana na pengo.

Hatari yake ni moja: ukikosea kukata, huna beseni la resini tena. Pima kwanza njia ya Mzee, ikishindikana ndipo uchukue msumeno.

Kuhusu mstari mweupe uliokuponza: usiupake mwisho. Watu wanapaka dashibodi yote halafu wanajaribu kuchora mstari mweupe juu yake kwa brashi, unatoka kama nyoka. Paka dashibodi nyeupe kwanza. Ikikauka, kata tepu ya kufunika ukanda wa nusu milimita, ilaze wima katikati, kisha paka rangi nyingine zote juu. Ukibandua tepu, mstari uko pale, umenyooka kama umepigwa rula. Kokpiti yenyewe ni ile bluu inayoelekea kijani, feruzi, jina langu hapa limetoka huko. Kwa 1/48 iongezee nyeupe kidogo sana, kwa sababu kitu kidogo kama kile kikipakwa rangi kamili kinaonekana cheusi ukikitazama ndani ya kioo.

Mikanda ya vibati vya shaba, kama haijapakwa rangi kiwandani, ipitishe kwenye moto wa mshumaa mpaka ibadilike rangi, iache ipoe yenyewe. Italegea kama kitambaa, utailaza juu ya mto wa kiti ikae kana kwamba rubani ametoka sasa hivi. Bila moto inakaa kama bati. Iliyokwisha pakwa rangi usiichome, utapoteza rangi yote.

Mzee_wa_Msasa:

Marahaba binti. Hiyo njia ya kuchinja sina ugomvi nayo, ila mimi siwezi. Nikikata kitu kizima nilichonunua mkono unatetemeka. Udhaifu wangu huo.

Pati_Kila_Mahali:

Mnamjaza mtoto wa watu matumaini. Mkuu, kioo FUNGA.

Kibano_Na3:

Shikamoo Mzee, na asante dada Feruzi. Pati na wewe pia, ingawa sitakusikiliza. Narudi na taarifa.

Friza imefanya kazi. Nilificha kiwiliwili nyuma ya mfuko wa barafu na kuomba mtu asifungue mlango. Kilipotoka nikaingiza ncha ya kijiti cha aiskrimu mgongoni, nikasikia kri, kri, kri mpaka puani, zikaachana zenyewe. Imebaki michirizi ya gundi kwenye maungio, nimeikwangua kwa blade. Ukingo mmoja umebanduka kipande kidogo karibu na pua lakini ni sehemu ya kuzibwa kwa pati, ule udongo wa kujazia.

Kisha nikafanya lile jaribio. Mzee, niliona aibu. Nilitoa chumba cha gurudumu la mbele, nikarudisha beseni, nikafunga nusu mbili kwa vidole: kimya. Pengo limekwisha, umebaki wembamba wa karatasi tu. Nikarudisha chumba, pengo likarudi. Siku tatu za msasa na ubavu uliotoboka, na mchawi alikuwa chini, hata sikuwahi kuigeuza ndege kumtazama. Kuna mbavu mbili ndogo juu ya paa la chumba cha gurudumu, zilikuwa zinashikilia beseni la plastiki la asili. Beseni la resini lilikuwa limezikalia kama mtu aliyekalia kokoto.

Nilikata zile mbavu mbili. Ikasaidia lakini si yote. Ndipo nikageuza beseni lenyewe nikaona kile Mzee alichokisema, kitako cha kumiminia nilikuwa nimekikata lakini nimeacha tabaka lake kwa nyuma, limeinama, nene upande mmoja kuliko mwingine. Nikaloanisha, nikavaa barakoa, nikasugua juu ya msasa ulionyooshwa kwenye kioo cha picha ili chini kuwe sawa. Nimetoa kama milimita 1.2 hivi. Maka nimerudia mara kumi na moja, nimehesabu kwa sababu nilikuwa naandika ukutani. Mara ya mwisho wino ulikwanguka kwenye kona mbili tu za ukuta wa nyuma. Nikazipunguza. Sasa inafunga kwa tepu bila nguvu, unasikia mlio mdogo kama kifuniko cha kalamu.

Kwa hiyo dada Feruzi sikufika kwenye msumeno, ila mstari mweupe nimeufanya kwa njia yako. Nimebandua tepu nikiwa nimeacha kupumua. Umenyooka. Nimeuangalia kwa dakika tano nzima bila kufanya kazi nyingine.

Tundu la ubavuni limezibwa. Nilichelewa kidogo kusugua poda na supaglu, nilipigiwa simu, kwa hiyo nina kachunusi kadogo. Praima, ile rangi ya kwanza, ndiyo itakayosema. Kioo kimerudi karibu chote, isipokuwa kona ya chini kushoto kuna kama alama ya pumzi, ukiinamisha unaiona. Niko njia panda, nikichovye tena au nikiache.

Hasara mpya ni moja. Mkanda wa kiti niliupitisha kwenye mshumaa, ukalegea vizuri, nikaushika kwa kibano nikiuelekeza kwenye kiti, bizimu yake ikafyatuka. Nimetambaa chini ya meza na tochi kwa nusu saa. Nimepata bizimu ya ndege nyingine niliyoipoteza zamani, ni ya 1/72. Ya kwangu sijaiona.

Leo nimeibandika nozeli kwa tepu kuangalia mizani kabla sijafunga kabisa. Pakiti nimeisoma mara tatu: MF, R-13-300, ya modeli hii hii. Koni nimeijaza chubwi, epoksi bado sijamimina. Nimeiweka juu ya magurudumu yake matatu, ikasimama. Nikashusha pumzi, na kwa ile pumzi mkia ukashuka polepole mpaka mezani. Kwenye koni nafasi imebaki kidogo, na nyuma ya ukuta wa kokpiti kuna uwazi mdogo juu ya mbawa. Nikijaza hapo, si niko karibu mno na magurudumu ya nyuma, uzito hautasaidia?

Mzee_wa_Msasa:

Hautasaidia. Usiweke hapo. Zigonge chubwi kwa nyundo ziwe bapa, utashangaa koni inavyomeza nyingine. Zikizidi, kuna nafasi pembeni mwa chumba cha gurudumu la mbele, kushoto na kulia, chini ya sakafu uliyoipunguza. Na kioo kiache. Kona ya kushoto chini utaigeuzia ukutani.